Njia Mbili Zilimshinda Fisi, Kompyuta Je?

Mazungumzo haya yalisomwa redioni mwishoni mwa wiki iliyopita. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo mtu akizisikia kwa haraka anaweza kudhani zilitungwa na fundi wa kompyuta. Ya kwanza inasema njia mbili zilimshinda fisi. Ya pili inasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji uliyenunua gazeti hili, leo nataka tuzungumzie jambo linaloonekana kuzipinga methali zote mbili, nalo ni kuweka mifumo endeshi miwili ndani ya kompyuta moja, ili mwenye mashine akiiwasha achague mwenyewe atumie upi.

Yamkini wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, yanatuhusu nini sisi wa Mpanda. Naomba wanivumilie. Ndani ya jambo hili mna historia ndefu ya nani ana haki ya kuamua kifaa chako kifanye nini, nayo inaihusu ofisi ya kata kama inavyoihusu benki ya Dar es Salaam.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sawa na gari lisilo na dereva. Mfumo endeshi ndiyo programu kubwa inayoamka kwanza, ikaitambua kibodi, ikawasha skrini, ikaiita printa, kisha ikaziruhusu programu nyingine kufanya kazi zao. Wengi wetu tunaujua mmoja tu, yaani Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Upo mwingine unaoitwa Linux, ambao hauuzwi na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuugawa na hata kuubadilisha. Kompyuta moja inaweza kuibeba yote miwili, lakini kwa kawaida haiitumii yote kwa wakati mmoja. Ukiamka mmoja, mwingine umelala.

Hapo ndipo watu wa Katavi tunapokuwa na mfano ambao watu wa miji mingine hawanao. Anayesafiri kwa treni kutoka Tabora kuja Mpanda anaijua Kaliua. Reli ya Kati ilikwishafika Kigoma mwaka 1914, lakini tawi la kuja kwetu, lenye urefu wa kilometa 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi uliokuwa karibu na Mpanda. Pale Kaliua reli inagawanyika, mkono mmoja ukienda Kigoma na mwingine ukija huku. Treni haiwezi kupita njia zote mbili kwa mara moja. Lazima njia igeuzwe kabla gurudumu la kwanza halijafika. Treni inaweza kuwa na mabehewa mengi na injini yenye nguvu, lakini mtu mmoja mwenye chuma mkononi ndiye anayeamua abiria waamkie Kigoma au Mpanda.

Kompyuta nayo inayo Kaliua yake. Katika mashine za aina tulizozizoea kwa miaka mingi, ilikuwa mwanzoni kabisa mwa diski, katika kipande kidogo chenye nafasi ya baiti 512, yaani pungufu ya maandishi ya barua fupi. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuamshia mashine, 64 ni za orodha inayoonyesha diski imegawanywa vyumba vipi, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba kipande hicho ni halali. Mwenye kukishika kipande hicho ndiye mgeuza njia. Mengine yote yanafuata.

Sasa tuingie katika historia. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani, ambayo ndiyo bibi wa kompyuta nyingi tulizonazo leo, mnunuzi alitangaziwa mifumo endeshi mitatu. Ule ulioitwa PC-DOS, ambao Microsoft iliutengeneza, uliuzwa dola 40. Mshindani wake CP/M-86 uliuzwa dola 240. Wa tatu ulitoka chuo kikuu kimoja cha California. Huhitaji kuwa mchumi kujua wanunuzi walikimbilia wapi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kompyuta ile haikuwa mali ya mfumo mmoja. Uchaguzi ulikuwapo, ila bei ndiyo iliyopiga kura.

Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta yenye diski kubwa ya ndani, na DOS ya toleo la pili ikaja na orodha ile ya vyumba niliyoitaja. Vyumba vilikuwa vinne, na kila kimoja kiliweza kukaliwa na mfumo wake. Yaani waliobuni mpango huo walitarajia kwamba mafahali wawili watakaa zizi moja, mradi ukuta uwepo katikati. Mwaka 1993 Microsoft yenyewe ilipotoa Windows NT iliweka orodha ya kuchagua wakati wa kuwasha, ili mwenye mashine aweze kurudi kwenye DOS yake ya zamani. Kuweka mifumo miwili, basi, si ujanja wa vichochoroni.

Linux yenyewe ilizaliwa katika mashine ya namna hiyo. Mwaka 1991 kijana Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alikuwa na kompyuta yenye DOS upande mmoja na mfumo wa kufundishia uitwao Minix upande wa pili. Huku akiandika programu yake ya majaribio, siku moja alikusudia kutuma amri kwenye modemu ya simu, akaituma kwenye diski. Minix ikaharibika. Badala ya kuiweka upya, aliamua kuendelea na kile alichokuwa amekianza mwenyewe. Agosti mwaka huo alikuwa amekwishawatangazia wenzake duniani kwamba anatengeneza mfumo wa bure, kwa kujifurahisha tu. Leo Linux inaendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti, na simu zote za Android zina kiini chake. Mwenye simu ya Android mfukoni amekuwa akitumia Linux miaka yote bila kuijua.

Kisa hicho kina onyo ndani yake. Vyumba vya diski viko karibu karibu, na mkono ukiteleza unafuta chumba cha jirani. Nitalirudia onyo hilo baadaye.

Je, sisi Watanzania tulikuwa wapi wakati huo? Kompyuta ya kwanza hapa nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya Serikali kupata hasara katika kuendesha hesabu zake kwa mitambo hiyo, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na aliyeihitaji ilimbidi kuomba kibali maalumu. Marufuku hayo yalilegea kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Matokeo yake ni kwamba miaka ile ambayo wenzetu walikuwa wakichagua kati ya mfumo wa dola 40 na wa dola 240, sisi hatukuwamo dukani. Tulipoingia, mshindi alikuwa amekwishapatikana. Mtanzania aliyeanza kugusa kompyuta katika miaka ya 1990 aliikuta Windows imekaa ndani, akaamini kwamba Windows na kompyuta ni kitu kimoja. Hakuna aliyemdanganya. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia panda.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kiliendesha mradi uliopewa jina la Kilinux, wa kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili. Matunda yake yalikuwa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na kupangia hesabu ambazo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili, na zilizoweza kutumika katika Windows na katika Linux vilevile. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitoa programu zake kwa Kiswahili. Sidai kwamba mmoja alimfuata mwingine. Ninachosema ni kwamba hapakuhitajika ruhusa ya Microsoft kwa Kilinux kuanza. Programu ilikuwa wazi, na aliyetaka kuitafsiri aliitafsiri. Kwa upande wa pili tafsiri ilisubiri mwenye mali aone faida.

Oktoba 2004 hiyohiyo ilitolewa Linux iitwayo Ubuntu, chini ya Mark Shuttleworth, tajiri mzaliwa wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni la ndugu zetu wa kusini, nasi tungelitamka utu. Hadi mwaka 2011 mtu aliweza kuagiza diski za Ubuntu zikamfikia kwa posta bila kulipa hata senti. Ukiiweka diski ile katika mashine yenye Windows, ilikupa nafasi ya kuweka Ubuntu pembeni bila kuifukuza Windows, kisha mgeuza njia wake, programu iitwayo GRUB iliyoanza mwaka 1995, akawa anakuuliza kila unapowasha: leo unakwenda wapi?

Msomaji makini ataniuliza, kama mambo ni mepesi namna hiyo, mbona kompyuta za madukani haziji na mifumo miwili? Jibu liko mahakamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Be, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Louis Gassée, ilikuwa na mfumo wake na ilikuwa tayari kuwapa watengenezaji wa kompyuta bure, wauweke kando ya Windows. Hitachi ya Japani ilikubali mwaka 1998. Lakini kompyuta hizo zilipotoka, mfumo wa Be ulikuwamo ndani ya diski na mnunuzi alipowasha hakuuliziwa chochote. Gassée alilalamika kwamba masharti ya leseni za Microsoft ndiyo yaliyowazuia watengenezaji kuonyesha mlango wa pili. Kampuni ya Be ilikufa, ikashitaki, na mwaka 2003 Microsoft ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 23 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

Hata Serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft mwaka 1998 kwa kuhodhi soko. Hukumu iliyomaliza shauri hilo Novemba 2002 ilikuwa na kifungu kinachokataza Microsoft kumwadhibu mtengenezaji kwa sababu ametoa kompyuta inayoweza kuwaka kwa mfumo zaidi ya mmoja. Ndugu zangu, jambo linalofikiriwa kuwa uchezeaji wa vijana wa mafundi liliandikwa kwa jina katika hukumu ya mahakama ya taifa kubwa duniani. Haliwezi kuwa dogo.

Mvutano haukuishia hapo. Kompyuta zilizotoka pamoja na Windows 8 mwaka 2012 zilikuja na mlinzi mpya mlangoni, anayekataa kuamsha mfumo usio na saini anayoitambua. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kuwazuia wezi na virusi wasijifiche katika kipande kile cha kuamshia. Lakini saini iliyotambuliwa na mashine nyingi ilikuwa ya Microsoft, na Linux zikalazimika kwenda kuiomba. Agosti 2024 marekebisho ya usalama ya Windows yalisababisha baadhi ya mashine zenye mifumo miwili zishindwe kuamsha Linux, na Microsoft ikakiri tatizo. Mwenye mashine alilala na njia mbili, akaamka na moja.

Turudi Mpanda. Hapa kwetu kompyuta nyingi si mpya. Zimeshatumika Ulaya au Dar es Salaam, zikateremka na basi au treni, zikaingia katika duka la kuchapa na kudurufu, shuleni au ofisini. Fundi kijana wa mtaa wa Majengo niliyemwuliza kwa nini anaweka mifumo miwili alinijibu hivi: "Mzee, wateja wangu wana sababu mbili. Programu ya hesabu aliyoizoea inataka Windows. Lakini flashi zinazozunguka hapa mjini zimejaa virusi. Kwa hiyo ya mteja asiyemjua anaifungulia Linux, kazi zake mwenyewe anafanya Windows." Nilipomwuliza kuhusu leseni alicheka. Sikucheka naye. Windows inayowekwa mitaani kwa nakala isiyolipiwa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mara nyingi nakala hizo huja na virusi vyake tayari. Mwenye duka ambaye hawezi kulipia leseni ana njia halali, nayo ni bure, ila hakuna anayemwonyesha.

Kwa anayetaka kujaribu, yapo mambo machache ya kuzingatia. La kwanza ni lile onyo la Helsinki: nakili kazi zako zote nje ya mashine kabla diski haijagawanywa. La pili ni umeme. Mji huu kwa miaka mingi uliishi kwa jenereta za dizeli, na kila mmoja wetu anakumbuka kuzimika kwa ghafla. Diski ikikatiwa umeme katikati ya kugawanywa, vyumba vyote viwili vinaweza kuanguka. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, au subiri. La tatu ni utaratibu: Windows kwanza, Linux baadaye. Windows ikiingia ya pili ina kawaida ya kushika kazi ya mgeuza njia na kuielekeza mashine kwake tu. Likikutokea hilo usilie. Linux yako haijafutwa, imekosa tu wa kuifungulia njia, na fundi anayejua kazi ataurudisha mlango.

La nne linahusu mafaili. Pale Kidatu, mkoani Morogoro, Reli ya Kati na reli ya TAZARA zinakutana, lakini moja ina upana wa milimita 1,000 na nyingine 1,067, kwa hiyo mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Ndivyo ilivyo kwa mifumo hii. Linux inasoma chumba cha Windows, lakini Windows kwa kawaida haikisomi chumba cha Linux. Kazi unayotaka kuifungua pande zote iweke upande wa Windows au katika chumba cha tatu.

La tano linatugusa sana sisi wa redio, nalo ni saa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa, kisha inajumlisha saa tatu kupata majira yetu. Windows huichukua saa hiyohiyo kana kwamba ndiyo ya hapa. Ukitoka Linux ukaingia Windows, unakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inakaribia kusomwa, na kompyuta inakuambia ni saa kumi na moja jioni. Dawa ipo: Linux huamriwa kwa mstari mmoja ifuate majira ya hapa. Lakini asiyejua atadhani mashine imerogwa.

Kwa nini nayasema haya sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kuihudumia Windows 10. Windows 11 iliyoirithi inadai vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Maana yake ni kwamba kompyuta zilizo nzima kabisa zimeambiwa zimezeeka, na amri hiyo haikutoka kwa aliyezinunua. Shule yenye kompyuta kumi za namna hiyo inaweza kuziuza kama chuma chakavu, inaweza kuendelea nazo bila kinga, au inaweza kuweka Linux pembeni, walimu wakazoea polepole huku kazi za zamani zikiendelea upande wa pili. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mifumo miwili. Humlazimishi mtu kuhama usiku mmoja. Anatazama nyumba mpya huku ufunguo wa zamani ukiwa bado mfukoni.

Sisemi Linux haina taabu zake. Printa nyingine huikataa, mafundi wanaoijua ni wachache, na karani aliyezoea kitufe mahali fulani hapendi kukitafuta upya. Asiyetaka mifumo miwili abaki na mmoja, na kama ni Windows basi ailipie. Ninachopinga ni mtu kubaki na njia moja kwa kuwa hakuambiwa kwamba ipo ya pili.

Reli yetu ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi, na walioamua ipite wapi hawakuwa watu wa Mpanda. Hatukushika sisi chuma cha kugeuzia njia. Safari hii chuma kiko juu ya meza zetu. Nawaomba wakuu wa shule na wakurugenzi wa halmashauri, kabla hamjaziandika kompyuta zenu katika orodha ya vitu chakavu, mwiteni fundi, mwambieni awawekee mfumo wa pili katika mashine moja tu, muutumie kwa mwezi mmoja, kisha ndipo mwamue.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.